Shingo Yangu na Saa ya Soko

Chumba cha nyuma, dukani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada yangu Chiriku,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua hali yako, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno kwa mtu aliyepewa jina la ndege wa kelele. U mzima? Shemeji mzima? Na wajomba zangu, yule mdogo ameacha kunyonya kidole au bado anakificha nyuma ya mlango?

Sisi huku tunasukuma siku. Mama yuko imara. Macho yamepungua lakini masikio ndiyo kwanza yamekuwa makali, ukifungua kopo la sukari jikoni anakuita kutoka chumbani kwake akuulize kijiko cha ngapi hicho. Wifi yako naye hajambo, maneno yake ni yale yale, na bila yeye sijui ningekuwa wapi.

Mimi pia sijambo, ukiondoa shingo. Najua umeshaanza kucheka. Wewe ndiye uliyeniita Twiga nilipokuwa darasa la kwanza, na leo Twiga anaumwa shingo. Cheka, umalize, halafu uendelee kusoma, kwa sababu habari hii inakuhusu.

Nikuambie jambo moja kwanza. Hapa mezani nimeweka saa ya kengele inayolia kila baada ya dakika kumi na tano. Ikilia nasimama, nazungusha mabega, narudisha kidevu nyuma mara kumi, ndipo narudi kwenye kalamu. Ukiona barua inarukaruka ujue ni kengele. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba hata isingelia nisingetulia. Jumatano asubuhi napanda kwenye mnara wa soko, na tangu juzi sikai nikakalika. Nafungua droo, nasahau nilichokuwa natafuta, naifunga. Jana nimemrudishia mteja saa ya mtu mwingine.

Tangu mwezi wa pili saa ya soko imesimama. Mishale imegandia kwenye saa kumi na dakika ishirini, na watani wangu pale sokoni wanasema huo ndio muda ambao fundi hulala. Msimamizi mpya wa soko, mtu wa tai na maneno matamu, amenijulisha kwa adabu zote kwamba ikifika tarehe mosi Julai haijatembea, wataishusha waweke ile ya umeme yenye namba nyekundu. Siwezi kumlaumu. Watu wanataka kujua saa. Lakini baba aliitunza saa ile miaka thelathini na moja, nami nimeitunza kumi na tisa, na sitaki kuwa mimi niliyeiacha ishushwe kwa kamba mbele ya wauza vitunguu.

Mama hajui habari ya hiyo tarehe mosi. Dirisha lake linatazama soko, na alizoea kusikia saa ikigonga. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananiuliza, "Saa ya baba yenu imeamka?" Namjibu, "Bado, mama." Anasema, "Haya," anapuliza chai yake. Hilo "haya" linanichoma kuliko shingo.

Sasa utaniuliza kwa nini sikuitengeneza siku ile ile. Unakumbuka mle ndani kulivyo. Mashine iko chini, usawa wa kiuno, lakini zile gia zinazozungusha mishale ziko juu ya kichwa, chini ya ule ubao mpana. Huwezi kuzifanyia kazi bila kutazama juu. Na mimi, dada, nina miaka miwili sijatazama juu. Nikitaka kuona ghorofa ya pili ya jengo, narudi nyuma mpaka upande wa pili wa barabara. Mwezi wa pili nilijitia ushujaa nikapanda, nikasimama kwenye kigoda, nikainua kichwa. Maumivu yalishuka kutoka shingoni hadi kwenye kidole gumba, mkono ukafa ganzi, bisibisi ikaniponyoka ikaenda kutua hatua mbili kutoka alipokuwa wifi yako, chini ya ngazi. Maneno aliyoyasema siyaandiki hapa, hayafai kwenye barua.

Ungekuwepo ungepanda wewe. Si ulituambia uliitengeneza ukiwa na miaka kumi na moja, tena baba ndiye aliyekushikia taa? Kila nikimkumbuka kaka yetu alivyopaliwa na chai siku ile, na mimi nilivyojigaragaza sakafuni kwa kicheko, natabasamu peke yangu. Baba akakushikia taa! Chiriku bwana.

Kengele hiyo. Narudi.

Nimerudi. Daktari alinipima, akapiga picha, akasema hakuna cha kupasua, pingili zimechakaa kidogo kama za kila mtu wa umri wangu, kilichobaki ni misuli iliyosahau kazi. Akaniandikia niende kwa mtaalamu wa viungo. Unadhani nilikwenda? Nilijitibu mwenyewe kwanza. Nilinunua ile kola ngumu ya shingoni nikaivaa mwezi mzima na nusu, mchana na usiku, kwa akili yangu ya ufundi kwamba kitu kilichoharibika kinawekwa kwenye kiboksi kisiguswe. Nilipoivua, kichwa kilikuwa kizito kama cha mtoto mchanga.

Halafu nikaenda kwa kinyozi wangu, anayejisifu kwamba huvunja shingo za watu zikapona. Alinishika kidevu, akaniambia nifikirie mambo mazuri, akazungusha. Krak! Kwa muda wa saa moja nilikuwa mtu mpya, nikamsifu mtaa mzima. Jioni sikuweza kugeuka kumtazama wifi yako akinisema, ikabidi nisemwe nikiwa nimeutazama ukuta.

Mwanzoni mwa Aprili ndipo nikaenda pale nilipotumwa. Mtaalamu mwenyewe ni mama mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu, na neno lake kubwa ni taratibu, basi wifi yako amempa jina la Mama Taratibu. Chumba chake kina kitanda chembamba, kioo kirefu na mipira ya kuvuta iliyoning'inia mlangoni. Siku ya kwanza nilijilaza nikisubiri kuminywa. Hakunigusa. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka, akaniambia siku inayofuata nije na kigoda changu cha kazi.

Nilikibeba kigoda begani mtaani kote. Akaniketisha, akaniambia nijifanye natengeneza saa. Nikainama, nikabana lensi kwenye jicho la kulia kama kawaida yangu, kichwa kikalalia upande. Alizunguka nyuma yangu, akauliza ni miaka mingapi nimekaa hivyo. Nikasema ishirini na tisa. Akacheka, wala si kwa ubaya. Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa ya shingo kabisa, ilikuwa kuiinua meza ya baba kwa matofali mpaka ifike kifuani. Nilibisha siku nne. Meza ya baba kuwekewa matofali kama kitanda cha wapangaji! Wifi yako aliyaleta matofali mwenyewe.

Mikono yake, dada, sijui nikuelezee vipi. Hanyongi wala havunji. Anashika pingili moja moja kwa ncha za vidole, anaisukuma kidogo, anaisubiri, anaisukuma tena. Nilikuwa nikishuka kitandani nageuka huku na huku kama mlango uliotiwa mafuta. Nikamwomba anifanyie kila siku. Akakataa. Alisema mikono yake itanipa nafuu ya siku mbili tatu, nafuu ya kudumu nitaijenga mwenyewe kwa mazoezi, tena kwa wiki nyingi. Nikamwambia sina wiki nyingi, nina saa ya soko. Akajibu, "Taratibu, baba."

Mazoezi yenyewe yanachekesha. Unarudisha kidevu nyuma kama umeonjeshwa kitu kibovu, unahesabu mpaka tano, unaachia. Unasukuma paji la uso kwenye kiganja chako, kichwa kisiende popote. Unavuta mpira kwa mikono miwili mpaka mafupa ya mabega yakaribiane mgongoni. Basi. Mara kumi, unapumzika, mara kumi tena. Nilipoonyeshwa niliona aibu kwamba nimevuka mji mzima kwa ajili ya hayo.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, nami nakuambia wewe tu. Nilibandika ukutani karatasi iliyochorwa nyuzi za pembe, nikafunga kwenye kofia timazi, ile kamba ya waashi yenye uzito, nikawa napima shingo yangu inainuka nyuzi ngapi. Asubuhi, mchana, jioni. Nikaandika kwenye daftari kama ninavyoandika saa inayochelewa. Ikionyesha nyuzi mbili pungufu, naongeza mazoezi mara mbili. Ikipungua tena, naongeza mara tatu. Wiki ya tatu niliamka kichwa kimelala begani, hakitoki. Nilitembea hadi kwa Mama Taratibu kama mtu anayesikiliza siri za watu mlangoni, daftari kwapani, nikijivuna kwamba angalau nina hesabu kamili za kumwonyesha.

Alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaniuliza mteja anayeisogeza mishale ya saa yake kila akipita mbele yake, mimi humwambia nini. Dada, unajua ninavyowaambia. Nawanyang'anya saa, nawaambia waiache itembee wiki nzima ndipo tujue inakimbia au inachelewa. Mama yule hakungoja jibu. Alifungua droo, akalitupia daftari ndani, akafunga. Kofia na timazi wifi yako alivitafutia mahali pengine, na mpaka leo hataki kusema ni wapi.

Tangu hapo nafanya mara kumi, nimekatazwa kumi na moja. Na zimepita wiki saba. Maumivu hayajaisha, nisikudanganye. Yale ya kunitoa machozi yamekuwa ya kunisumbua tu, ganzi ya mkono imekwenda, na juzi niliona kunguru juu ya paa la jirani nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Nilimwita wifi yako aje aone kunguru. Alidhani nimepata wazimu.

Kengele.

Niache yangu nije kwenye yako, maana ndiyo sababu ya kukuandikia. Uliandika mstari mmoja tu, pale mwishoni, kwamba shingo yako inakubana tangu Januari, unameza vidonge unarudi kwenye kompyuta, na utapumzika ukistaafu. Mstari huo umenikosesha raha wiki mbili. Hayo ndiyo maneno yangu mimi ya miaka miwili iliyopita, neno kwa neno. Nenda kapimwe. Mkono ukianza kufa ganzi usingoje hata siku moja. Inua hiyo kompyuta yako mpaka uitazame bila kuinama, hata kwa matofali, ofisi nzima wacheke. Simama kila baada ya muda. Na usimpe kinyozi yeyote kichwa chako isipokuwa kwa nywele.

Nilitaka kuifunga barua hapa niipeleke kesho. Lakini siwezi kukuambia yote haya kisha nisikuambie kama nilipanda. Naiacha mezani mpaka Jumatano. Mama Taratibu amenipa masharti. Nisisimame kwenye kigoda, nilale chali kwenye mbao, taulo lililokunjwa liwe chini ya shingo, na kila baada ya dakika kumi nishuke. Nimemwambia hakuna fundi anayetengeneza saa amelala kama mgonjwa. Unajua alichonijibu.

Alhamisi, tarehe 18.

Dada, nilipanda. Kengele nimeizima leo, nitaiwasha baadaye.

Tulipanda na wifi yako saa tatu asubuhi. Yeye alibeba taulo, mimi vifaa. Wauza vitunguu walisimama kutazama, na msimamizi wa soko naye alikuja, mikono nyuma. Juu tulitandika mbao mbili juu ya ile fremu ya chuma, nikajilaza, nikaweka taulo. Kwanza nilifumba macho. Nikafumbua macho, na gia zote zilikuwa mbele ya uso wangu, zimetulia, karibu kama saa ya mkononi. Shingo ilinung'unika tu, haikupiga kelele.

Tatizo lilikuwa pini. Imekatika, gia ya kati ikatoka njiani. Miaka kumi na tisa nimezifanyia kazi gia zile nikiwa nimesimama, shingo imekunjwa upande, macho kwenye meno tu, nikiharakisha kumaliza kabla sijakakamaa. Sikuwahi hata mara moja kuziona kutoka chini. Nilipoitoa ile gia ya kati kwenye ekseli yake, pakabaki uwazi, na mwanga wa tochi ukapita ukapiga chini ya ule ubao mpana.

Kuna maandishi, dada. Ni penseli ya baba, mwandiko wake ule unaolalia kushoto. Ni tarehe za matengenezo. Kila alipoitoa gia ile aliandika tarehe na neno moja au mawili. Mafuta. Meno. Pini mpya. Nilikuwa nazisoma kwa furaha, namsomea wifi yako kwa sauti, mpaka nikafika kwenye mstari ambao sikuweza kuusoma kwa sauti.

Umeandikwa hivi, nimeunakili kwenye kiganja ili nisikose hata herufi: "9 Agosti. Gia ya kati. Chiriku kaitengeneza mwenyewe. Mimi nilimshikia taa."

Nililala pale. Wifi yako akaita mara mbili kuuliza kama nimekwama. Nilimwambia shingo, lakini haikuwa shingo. Nilikuwa nalia, dada, machozi yanaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali, na sikuwa na mkono mtupu wa kuyafuta.

Niliweka pini mpya. Nilishuka kila baada ya dakika kumi kama nilivyoagizwa, mara sita. Tulipoiachia pendulumu ilisita, ikaenda, na saa ilipogonga msimamizi wa soko alifunga masikio kwa vidole, hakujua kwamba ina sauti. Ameniambia atamwandikia mkubwa wake kwamba namba nyekundu hazihitajiki.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama dirishani. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili. Nikamweleza nilichosoma. Aliniambia niurudie mstari ule, mama huyu anayesikia sukari. Kisha akasema, "Nilimwambia aseme. Aliogopa wakubwa wa soko, wakijua mtoto wa kike amegusa saa yao watamfukuza. Akasema atawaambia mkikua." Akageukia dirisha. Nadhani baba aliahirisha mpaka akaishiwa na siku.

Nimempigia simu kaka. Ameniambia atakupigia mwenyewe, naye hajui ataanzaje.

Mimi najua tu namna moja. Ulirudi siku ile mikono imejaa grisi, na hakuna mtu aliyeitazama mikono yako. Ulisema kweli, dada. Ulisema kweli mbele ya chai, nasi tukacheka, na baba akaendelea kula. Hukuigusa saa tena baada ya hapo, hata ya ukutani, nami miaka yote hii nilidhani ni kwa sababu hukuzipenda. Jumapili tu, kwenye barua hii hii, nimekucheka tena. Ningeweza kuchana ukurasa ule. Nimeuacha uuone. Nisamehe.

Ukija likizo tutapanda wote wawili. Mbao zile zinatosha watu wawili wakilala bega kwa bega, nimepima, na hiki ni kipimo ambacho Mama Taratibu hatanikataza. Fanya mazoezi uweze kutazama juu. Nimeacha penseli pale, juu ya fremu.

Mama anakusalimu, anasema usiache kula. Wifi yako anakusalimu na amekukatia kitambaa cha taulo, tayari amekikunja. Nisalimie shemeji, nibusie wajomba zangu wote wawili, yule mdogo umbusu kidole chenyewe. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe mgongo mwepesi na usingizi usiokatika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyecheka kuliko wote,

Twiga